Kipandio cha Sita

9 Januari

Mdogo wangu Sikio,

Pokea salamu za Mama, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu akihakikisha nimeziandika kabla sijaanza kulalamika. Yeye ni mzima. Magoti yanamsumbua asubuhi, lakini mdomo hausumbuliwi na chochote. Na mimi nipo, mgongo wangu ni ule ule. Wifi yangu hajambo? Watoto waambie shangazi yao anawapenda, ila wajifunze kuandika herufi zinazosomeka.

Sasa nilalamike. Zamani ulikuwa unapiga simu kila Jumapili baada ya chakula. Mwaka mzima uliopita umepiga mara tatu, na mara zote tatu umeongea wewe mwenyewe mwanzo hadi mwisho, kisha ukakata. Nikipiga mimi unaitikia "eeh, eeh" hata pale ninapouliza swali. Mwezi uliopita nilikuuliza kama wifi amepona mafua, ukanijibu, "Mkaratusi, mwingi tu." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Basi kwa kuwa simu imekushinda, nakuandikia barua kama watu wa zamani, na utanijibu kwa barua.

Kazi za karakana zipo, na wateja ni wale wale wanaojua kila kitu. Wiki hii amekuja mwalimu mkuu anayetaka milango minane ya msonobari. Milango ya nje, isiyo na kibaraza. Nimemweleza kwamba msonobari ni mti mzuri, mwepesi, unapokea msumari bila ugomvi, na kazi yake ni dari na rafu. Ukiusimamisha mvuani unakunywa maji na kuvimba, na baada ya misimu miwili mlango haufungiki wala haufunguki. Nje ni mvule. Mvule una mafuta yake, mchwa anauonja anaghairi. Akasema mvule ni mzito mno kwa watoto kuusukuma. Nikamwambia mlango ukishaoza watoto hawatakuwa na cha kusukuma. Ameondoka amenuna, lakini atarudi.

Shida yangu kubwa ni paa. Bati limetoboka juu ya lile rundo la mninga alilolipanga baba kwa mikono yake, miaka miwili kabla hajatuacha. Mwaka wa nne sasa mbao zile zinakauka taratibu kivulini, na juzi nimekuta zimelowa. Ngazi ya baba bado iko kwa jirani yetu fundi cherehani, aliyeiazima kwa siku moja, miaka mitatu iliyopita. Kila nikiidai anasema bado anaitumia.

Wewe unafanya kazi kwenye kiwanda cha ngazi. Mimi sisemi kitu.

Dada yako

2 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake, na magoti yake nayapa pole. Sisi huku tu wazima. Wifi yako amepona mafua tangu zamani. Watoto wanakua, viatu havidumu. Barua yako imefika na alama ya kiatu juu ya bahasha, nikadhani umeikanyaga kwa hasira kabla ya kuituma.

Kuhusu simu, tatizo ni simu zenyewe. Huku zina mvumo ndani yake, kama nyuki, wala haufi. Siyo mimi.

Ngazi nakutumia. Dereva wa lori la kiwanda anapita njia ya kwenu mwezi huu, ataishusha mlangoni. Ina vipandio kumi na viwili. Ile miti miwili ya pembeni ni msonobari ulionyooka nyuzi, hauna kifundo hata kimoja, maana ngazi lazima iwe nyepesi mtu aibebe begani. Vipandio ni mkaratusi, kwa sababu kipandio kinabeba mtu mzima kikiwa kimeshikiliwa ncha mbili tu, kwa hiyo kinataka mti mgumu. Mwaka jana tumepata tanuri jipya la kukaushia. Mkaratusi unaingia ukiwa mbichi, unatoka mkavu baada ya siku tisa. Baba angelala humo ndani akaliangalia.

Usiwe na wasiwasi na ubora. Kila kipande kinapita kwangu. Nakigonga kwa kile kirungu cha baba, nasikiliza, nikiridhika napiga muhuri. Muhuri wangu ni namba saba, utauona chini ya kila kipandio. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuushika. Wametugawia vizibo vya masikio kwa ajili ya kelele za mashine ya kuranda. Mimi nimekaa karibu na mashine ile miaka kumi na minne sijavaa hata siku moja. Mkaguzi wa mbao akijiziba masikio atakagua nini? Nimevitia mfukoni.

Jambo linaloniudhi ni msimamizi mpya. Ananong'ona. Anasimama pale mdomo unacheza, hakuna linalotoka, halafu anakasirika mtu asipotekeleza. Na wenzangu wamekuwa na utani wa kitoto. Juzi hawakupiga kengele ya chakula, wakaondoka kimya kimya wote, nikainua kichwa nikajikuta peke yangu na mbao.

Paa lizibwe mapema.

Mdogo wako,
Sikio

3 Machi

Mdogo wangu Sikio,

Mama anakusalimu. Amepata mafuta ya kuchua, sasa nyumba nzima inanuka dawa, mpaka ule mwerezi nilioununua kutengenezea kabati umepoteza harufu yake. Mteja ataniuliza kama nondo wa nguo watakimbia harufu ya mwerezi au ya magoti ya Mama. Mwalimu mkuu amerudi, kama nilivyosema. Milango minane ya mvule.

Ngazi imefika, ahsante. Ni nyepesi na imepigwa msasa vizuri, nakupa hiyo. Sasa kaa chini.

Siku tisa? Mkaratusi, siku tisa? Wewe umelelewa karakana gani? Mkaratusi ni mti wa hasira. Unakua haraka, umejaa maji, na nyuzi zake zimejisokota. Ukiuchoma kwenye tanuri ukiwa mbichi, nje inakauka na kukaza wakati ndani bado kumelowa. Ndani kukianza kusinyaa, nje inakataa kufuata, na mti unapasuka tumboni. Nje huoni kitu. Utauranda, utaupiga msasa, utang'aa, na ndani una ufa wa kuingiza ukucha. Baba aliutumia kwa nguzo, na hata nguzo alizilaza kivulini miezi mingi kwanza. Vipandio vya ngazi yake alivitengeneza kwa mpera, mti ule ule wa mipini ya majembe, kwa sababu mpera ukizidiwa unapinda na kukuonya. Haraka haraka haina baraka, na tanuri lenu ni haraka tupu.

Kwa hiyo nakuuliza, na nataka jibu, sitaki hadithi ya msimamizi. Unagonga kila kipande, kimoja kimoja? Umekataa vingapi? Kwa mkaratusi wa siku tisa baba angekataa kimoja katika kila vitano, na pengine angekataa na tanuri lenyewe. Nipe namba.

Najua utanuna. Sikio la kufa halisikii dawa, na wewe tangu utotoni dawa ulikuwa unaitema.

Dada yako

5 Aprili

Dada,

Shikamoo. Shikamoo Mama. Tu wazima.

Unataka namba, nakupa namba. Tumetengeneza ngazi mia tatu za mafundi wa nyaya za umeme. Ngazi mia tatu ni vipandio elfu tatu na mia sita. Nimegonga kila kimoja. Nimekataa viwili. Viwili, Dada. Vingine vyote vimelia safi. Hiyo ndiyo kazi ya tanuri jipya, na wewe uliyebaki na kivuli na subira ya baba hutaki kukubali kwamba dunia inatembea.

Baba hakuniita Sikio kwa utani. Ulikuwepo. Nilikuwa na miaka minane, muuza mbao alikuwa anashusha mninga pale uani, baba akigonga mmoja mmoja, na mimi nikiwa mlangoni nikasema, "Huo umeoza kati." Muuza mbao akanicheka. Baba akaupasua. Ulikuwa umeoza kati, unga mtupu. Akanishika kichwa mbele ya watu wote akasema, "Huyu ndiye sikio langu." Wewe ulipewa randa yake na karakana yake, sijawahi kulalamika hata siku moja. Mimi nilipewa jina. Usiliguseguse.

Nyumbani kwangu nako kuna vituko. Wifi yako ameanza tabia ya kunigusa bega kabla hajaongea. Nimemuuliza kama mimi ni mlango. Akaanza kulia, bila sababu yoyote. Sijui nani kawaroga wanawake mwaka huu.

Na mbona hujaniambia kama paa umeziba? Unauliza maswali kumi, ukiulizwa moja unapita pembeni.

Sikio

6 Mei

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu.

Utaona mwandiko ni mbaya. Ni kalamu.

Paa limezibwa. Mninga haukuharibika sana.

Nina maswali mawili. Ukigonga kipande, unasikiliza kwa sikio lipi? Na zile ngazi mia tatu zimeshatoka, au bado ziko stoo? Nijibu haraka.

Dada yako

Mimi Mama. Siyo kalamu. Amenikataza kusema, na mimi sisemi. Lakini siyo kalamu.

27 Mei

Dada,

Shikamoo, na Mama shikamoo. Naandika kwa haraka, na nimekereka.

Kama siyo kalamu, ni nini? Barua yako ina mistari sita na yote inapanda kilima. Ukiumwa ungesema. Ukinikasirikia ungesema mara mbili. Nimepiga simu nikakuta ule mvumo tu, nikapiga tena, mvumo. Wifi yako akaninyang'anya simu akaongea na Mama karibu nusu saa, akarudi macho mekundu. Nikamuuliza kuna nini. Akaniambia, tena kwa kunishika mashavu kama mtoto, "Dada yako anataka akuambie mwenyewe." Aniambie nini? Kwa nini kila mtu ananong'ona mwaka huu?

Swali lako la sikio lipi sijalielewa na sitaki kulielewa. Nagonga na kusikia, kama watu wote.

Ngazi arobaini zimeshatoka. Mia mbili na sitini ziko stoo, zinapakiwa tarehe thelathini Juni. Una haja gani nazo?

Sikio

8 Juni

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Leo sina habari nyingine za nyumbani, zote zimo kwenye kifurushi alichokuletea dereva pamoja na barua hii. Kifungue kwanza. Usikigonge kilichomo. Kiangalie.

Hicho ni kipandio cha sita cha ngazi uliyonitumia. Tarehe kumi na nane Aprili nilipanda kuziba paa. Cha kwanza mpaka cha tano vilinibeba. Cha sita kilikatika kama biskuti, hakikupinda, hakikulia, nikaangukia rundo la mninga. Mkono wa kulia umevunjika karibu na kiganja. Nimefungwa plasta mpaka mwisho wa mwezi huu, na haya nayaandika kwa kushoto. Paa aliliziba fundi cherehani, kwa ngazi ya baba, akamaliza akaondoka nayo.

Nilikipasua kipande chenyewe kwa urefu, Mama akishikilia upande mmoja na kunifundisha kazi yangu. Angalia ndani. Nyufa nne, zinafuatana. Angalia nje. Laini, imeng'aa, na muhuri wa namba saba. Kisha nikagonga vile kumi na kimoja vilivyobaki. Vitatu vina sauti ya kiazi. Mama amevisikia, na Mama hajawahi kushika mbao maishani mwake. Vyote vitatu vina muhuri wako.

Husikii, mdogo wangu. Msimamizi hanong'oni. Kengele ya chakula ilipigwa. Simu haina nyuki. Wifi anakugusa bega kwa sababu ameshachoka kukuita. Ulikaa miaka kumi na minne pembeni ya mashine ile, vizibo mfukoni, ili usikie mbao, na mashine ikakula taratibu.

Sasa na mimi nimeze dawa yangu. Siku tulipomzika baba, Mama alikuita kutoka nyuma yako mara tatu. Hukugeuka. Mara ya nne nikakugusa mimi. Nikajiambia ni majonzi, na nilijua siyo majonzi. Nimenyamaza miaka miwili kwa sababu sikutaka kuwa mtu wa kukuvua jina alilokupa baba. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeyaficha yako kana kwamba ni yangu. Halafu nikaandika barua nzima kuitilia shaka ngazi ile, kisha nikaipanda bila kuigonga, kwa nini? Kwa sababu ilikuwa na muhuri wako. Nilipoanguka nikakaa mwezi na nusu nikitafuta namna ya kukuambia bila kukuumiza, na mwezi na nusu huo ngazi arobaini ziko nje zinapandwa. Nimekukasirikia wewe na nimejikasirikia mimi, wala sijui nani anastahili zaidi.

Neno lile la Machi, la sikio la kufa, nimelifuta. Usilikumbuke.

Mimi nilianguka kimo cha mtu. Wenzako wanapanda nguzo za umeme. Nenda kwa msimamizi leo hii, kabla ya chakula. Msimame karibu, na umwangalie mdomo.

Dada yako

25 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Pole na mkono. Pole nimeiandika mara nne na kuchana karatasi mara nne, sasa naiacha kama ilivyo. Mama mwambie nimemsikia, maana alichoandika yeye nilikisoma.

Uliniagiza nisikigonge, nikakigonga. Unanijua. Nilikiweka mezani kwangu, nikachukua kirungu cha baba, nikagonga pale pale ninapouona ufa kwa macho yangu. Kikalia safi. Kwangu kililia safi, Dada, sauti ile ile niliyoisikia kwa vipande vyote elfu tatu na mia sita. Binti yangu mkubwa alikuwa anapita na ndoo. Akasimama akasema kitu, nikamwomba arudie akinitazama. Akasema, "Baba, hicho kimepasuka." Ndipo nikaelewa kwamba mbao siku hizi sizisikii. Nasikia ninachokumbuka.

Nilikwenda kwa msimamizi asubuhi, mbele ya wote, kwa sababu ningemwita pembeni ningegeuza maneno. Nikaweka kipande mezani kwake. Mdomo wake ulicheza muda mrefu. Nikamwambia siambulii kitu, aandike. Akachukua chaki akaandika kwenye ubao wa kazi za siku, "Tangu lini?" Nikaipokea chaki nikaandika chini yake, "Miaka miwili. Labda mitatu." Watu wote wa mashine walikuwa wamesimama wanasoma.

Tulipasua vipandio hamsini kutoka stoo. Kumi na kimoja vina nyufa. Ni kimoja katika kila vitano na ziada kidogo, kama ulivyosema baba angesema. Stoo imefungwa siku ile ile. Lori limezifuata zile arobaini, zimerudi thelathini na tisa.

Ya arobaini ilikuwa imeshavunjika. Fundi wa umeme, mtu wa makamo, mbavu mbili na bega. Atapona, wameniambia. Nilikwenda kumwona, wifi yako akasimama pembeni ya kitanda ananirudia maneno usoni. Hakunitukana. Aliniuliza kitu kimoja tu, na hicho sikuhitaji kurudiwa, niliuona mdomo wake vizuri. Aliuliza, "Wewe ndiye saba?" Nikasema ndiyo. Akageukia ukuta. Nimekaa pale mpaka muda wa wageni ukaisha, na sijui nilikuwa nasubiri nini.

Kuanzia sasa mkaratusi utalala kivulini miezi mitatu kabla haujaingia tanurini, na utakaguliwa na watu wawili, wenye vizibo muda wote mashine inapozunguka. Wataugonga mashine zikishazimwa. Vile vya kwangu nilivitoa mfukoni, bado viko kwenye karatasi yake. Nimempa kijana wa mashine ya kuranda na nimesimama mbele yake mpaka akavivaa. Alidhani nina wazimu.

Muhuri nimeurudisha. Hawakunifukuza. Wamesema kuna nafasi stoo ya rangi, kupanga makopo. Nimesema hapana. Mwisho wa Julai ningependa kuja nyumbani, wifi yako na watoto wanifuate shule zikifungwa, kama mtatupokea. Sitaweza kukugongea mbao. Kuranda naweza, kupiga msasa naweza, na macho ninayo.

Ombi moja. Mwambie Mama asiniite kutoka nyuma. Aje mbele nimwone.

Mdogo wako

12 Julai

Mdogo wangu Sikio,

Barua yako haikuwa na jina mwishoni. Mama ameigeuza huku na huku akauliza imetoka kwa nani. Muhuri ni wa kiwanda, sawa, umewarudishia wenyewe. Jina ni la baba, na yeye hayupo wa kurudishiwa, kwa hiyo utakaa nalo.

Mama anakusalimu. Ameagizwa asikuite kutoka nyuma, akasema yeye huita watu anavyotaka. Halafu usiku nikamkuta anafanya mazoezi ya kuzunguka kiti, na magoti yale. Usimwambie nimekuambia.

Plasta imetoka. Mkono umebaki mwembamba kama mpini wa nyundo, lakini unashika. Nimejaribu randa jana, nikachoka baada ya ubao mmoja, nikatukana, nikaendelea. Yule fundi wa umeme, nenda ukamwone tena. Akigeukia ukuta, kaa. Ukija huku tutamtengenezea kitu, wewe na mimi, sijui nini, kiti cha kuegemea chenye mikono mipana labda. Mninga wa baba umeshakauka vya kutosha. Nimeugonga wote, na mwingi unalia vizuri.

Eti kama tutakupokea. Umri wote huo na bado unauliza maswali ya kijinga.

Kuna hasara moja umeshanitia kabla hujafika. Ile meza ya kazi ya baba, ya mvule, imetazama ukuta miaka arobaini, kwa sababu baba alisema mteja akimwona uso atapunguza bei. Nimeamua igeuzwe. Tulikuwa watu wanne, mmoja mkono mbovu, mmoja Mama, aliyekaa anatoa amri, na fundi cherehani na mkewe. Imetuchukua mchana kutwa. Mguu mmoja umechubua sakafu, fundi cherehani amebanwa kidole, nimegombana na kila mtu aliyekuwa humo ndani. Kwa aibu ya kuniona nasukuma mvule kwa mkono mmoja, fundi huyo amerudisha ngazi ya baba, vipandio vyote kumi vizima.

Meza sasa inatazama mlango. Ukiwa unafanya kazi utamwona kila anayeingia kabla hajafungua mdomo. Mimi nitakaa upande ule wa dirisha, mbele yako, na mwanga utaniangukia usoni.

Dada yako